Ulimi wa Jirani

Mazungumzo ya redioni. Somo: Matendo ya Mitume 21:37 hadi 22:2

Tunawasalimu nyote kutoka hapa Zombe, upande wa mashariki wa Kitui. Tunawasalimu wazee wetu na mama zetu mlio nyumbani, vijana mlio kazini na shuleni, na ninyi mnaotusikiliza chini ya mti huku mkingoja zamu yenu ya maji.

Leo tunalo jambo ambalo huenda mtu akasema ni la mwalimu wa shule, wala si la mchungaji. Ni habari ya kujifunza lugha ya kigeni. Je, yafaa Mkristo ajisumbue kujifunza lugha ya watu wengine? Na kama yafaa, ajifunze lugha ya nani, na kwa sababu gani?

Tufungue kwanza Maandiko. Mtume Paulo amekamatwa hekaluni Yerusalemu. Umati wa watu unataka kumwua. Askari wa Kirumi wanakuja mbio, wanamtoa mikononi mwao, wanamfunga kwa minyororo miwili na kumpeleka ngomeni. Kelele ni nyingi, hata jemadari hawezi kupata hakika ya neno lolote. Walipofika penye ngazi, Paulo akamwomba jemadari ruhusa ya kusema, naye alimwomba kwa Kiyunani. Jemadari akashangaa. Kumbe mtu huyu anajua Kiyunani! Maana yeye alidhani amemkamata yule Mmisri aliyefanya fitina siku zile, akawaongoza wauaji 4,000 kwenda jangwani.

Ndugu msikilizaji, angalia vizuri. Jemadari alikuwa na macho mazima, lakini alichokiona ni mtu mwenye vumbi na mapigo, mtu anayepigiwa kelele, naye akakata shauri moyoni kwamba huyu ni jambazi. Hakumwuliza jina wala kwao. Lilipotoka neno moja la heshima katika lugha anayoielewa, ndipo akamtazama tena, akampa ruhusa ya kusema. Kisha Paulo akawageukia watu, akawapungia mkono, akanena nao kwa Kiebrania. Waliposikia lugha yao wenyewe wakazidi kunyamaza.

Basi tutakuwa na somo hilo mbele yetu leo.

Tukiulizana hapa Zombe ni lugha gani ya kujifunza, majibu hayako mbali. Mzazi atasema, mtoto wangu na ajue Kiingereza, maana mitihani ni ya Kiingereza na ofisi ni za Kiingereza. Kijana mwingine atasema, mimi nataka Kiarabu, maana dada yangu amepata kazi ya nyumbani Saudi Arabia, nami nafikiri kwenda Qatar. Majibu hayo si mabaya. Hatumlaumu mzazi auzaye mbuzi ili mtoto asome. Na binti anayekwenda kufanya kazi ng'ambo ya bahari, kama hajui kusema kwa lugha ya mwajiri wake kwamba ni mgonjwa, au kwamba mshahara wake haujalipwa, amekwenda kama mtu aliyefungwa kinywa. Ajifunze, na ajifunze kabla ya kupanda ndege.

Lakini tuyapime majibu hayo. Lugha tunazozitamani sana ni za watu walio juu yetu, au za watu wanaotulipa. Ni lugha za kupanda ngazi. Na je, lugha ya mtu tunayekutana naye chini, penye maji, na iwe ya nani? Ni wangapi kati yetu waliojitahidi kujifunza Kisomali, ijapokuwa majirani wanaokisema wanapita na ngamia wao karibu na mashamba yetu? Ni wangapi wanajua hata namna ya kumwamkia Mworma?

Mnajua tunalolisema. Kwa miaka mingi sasa, mvua inapokatika, wafugaji kutoka Tana River na Garissa huja na mifugo yao upande huu wetu wa Kitui wakitafuta majani na maji. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika sehemu kubwa ya Kenya, Somalia na Ethiopia. Watu walipoteza mifugo, na waliobaki na ngamia wachache hawakuweza kuketi na kuwatazama wakifa. Lakini na mkulima wa hapa naye hakuweza kuketi na kutazama ndengu na mtama wake vikiliwa, ambavyo ndivyo chakula cha watoto na karo ya shule. Katika magombano ya namna hii watu wameuawa, wa upande huu na wa upande ule. Wako waliohama nyumba zao. Tumezika, nao wamezika.

Hebu fikirini jinsi magombano hayo yanavyoanza. Mara nyingi hayaanzi kwa wakubwa. Wakubwa hukutana barazani kwa chifu, wakaketi kivulini, wakanena Kiswahili kizuri, wakapeana mikono. Yanaanza jioni, mtoni au shambani, kati ya kijana wa Kikamba na kijana mchunga ngamia ambaye huenda hakupata kuingia darasani. Mmoja anapaza sauti. Mwingine haelewi kama anaonywa, anaulizwa jambo, au anatukanwa. Naye anajibu kwa sauti kubwa zaidi, kama watu wote wafanyavyo wasipoeleweka. Sauti mbili zikipanda hivyo gizani, mkono mmoja huenda kwenye upinde na mwingine kwenye bunduki. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anasema habari za sauti ambayo maana yake haijulikani, kwamba wanenaji wawili huwa wageni kila mmoja kwa mwenziwe. Kule Korintho hasara yake ilikuwa ibada isiyojenga. Huku kwetu hasara yake yaweza kuwa jeneza.

Sasa, tusimhukumu mtu yeyote kabla hatujakumbuka deni letu wenyewe. Sisi Wakristo wa Ukambani tulifikiwaje na Injili? Tulifikiwa na mtu aliyekubali kuwa mwanafunzi wa lugha.

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS, alifika Mombasa. Katika mwezi wa Juni mwaka huo huo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Nani alimsaidia? Alisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhiddin, mtu wa Barawa aliyekuwa amepata kuwa kadhi Mombasa. Barawa, wapendwa, ni mji wa pwani ya nchi tunayoiita leo Somalia. Hatusemi kwamba sheikh huyo alikuwa Msomali, maana Barawa ina watu wake na lugha yake. Tunasema kwamba alikuwa Mwislamu, tena mtu wa elimu, naye aliketi na Mkristo mgeni, wakatafuta pamoja maneno ya kuueleza uumbaji wa Mungu. Krapf hakuwa Mwislamu kwa kufundishwa na sheikh, wala sheikh hakubatizwa kwa kumfundisha Krapf. Kila mmoja alibaki na imani yake. Lakini sisi tunaosoma Biblia kwa Kiswahili, mwanzoni mwa kazi hiyo yako maneno yaliyopitia kinywani mwa jirani Mwislamu.

Mwezi uliofuata, Julai 1844, homa ikamwua Rosine, mke wa Krapf, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf angeweza kurudi kwao, wala hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki, akaendelea kuuliza maneno na kuyaandika.

Mwaka 1849 akafika huku kwetu Kitui, kwa Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa katika nchi ya Kitui, aliuona kwa mbali mlima wenye theluji. Jina la mlima ule alilisikia kwa Wakamba, akaliandika kama sikio lake lilivyolishika. Leo ndilo jina la nchi yetu nzima, Kenya. Na mwaka 1850 Injili ya Marko ikapigwa chapa kwa Kikamba katika mji wa Tübingen, Ujerumani. Kazi ya kwanza haiwi kamilifu, na wengine walikuja baadaye wakatafsiri vizuri zaidi. Lakini lilikuwapo kwa mara ya kwanza neno la Mungu lililochapwa kwa lugha ambayo nyanya zetu walituimbia mgongoni.

Basi tunajifunza nini? Tuna mambo matatu.

La kwanza, anayejifunza lugha hukubali kuwa mdogo. Mtu mzima mwenye mvi, mwenye shamba na wajukuu, akianza kujifunza lugha mpya huwa kama mtoto wa miaka miwili. Anakosea, watoto wanamcheka, anarudia. Ndiyo sababu wengi wetu hatutaki. Twapenda tufundishe kuliko kufundishwa. Lakini Bwana wetu alisema wazi kwamba asiyekuwa kama mtoto mdogo hataingia katika ufalme wa mbinguni. Unapomwuliza jirani yako, "Hiki kwenu mnakiitaje?" umempa heshima ambayo hawezi kuipata katika hotuba yoyote. Umemfanya mwalimu wako, na si rahisi mtu amchukie mwanafunzi wake.

La pili, lugha hujifunzwa ili kusikia, si ili kusema tu. Wengi hudhani mtu hujifunza lugha apate kutoa amri: toka, ondoa, rudi. Maneno ya namna hiyo hata mbwa huyaelewa. Kumbukeni ndugu zake Yusufu kule Misri, katika Mwanzo 42. Walisema mbele yake wakidhani haelewi, kwa kuwa palikuwa na mkalimani kati yao. Yeye alisikia kila neno. Alisikia wakikiri jinsi walivyoiona shida ya nafsi yake alipowasihi nao wasimsikilize. Akageuka akalia. Angekuwa hajui lugha yao, mkalimani asingemletea neno lile, maana halikusemwa kwake. Mambo ya moyoni watu huyasema kwa lugha ya nyumbani. Ukiielewa lugha ya mfugaji, siku moja utamsikia akimwambia mwenziwe kwamba mtoto wake ana siku mbili hajanywa maziwa, naye hajui kwamba unamsikia. Tangu siku hiyo hutamwona kama ulivyomwona jana.

La tatu, Mungu mwenyewe amechagua njia hii. Siku ya Pentekoste angeweza kuwapa watu wote Kiyunani, wakaelewana mara moja. Hakufanya hivyo. Kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo: Waparthi, Wamisri, Waarabu, na wengine wote waliotajwa. Roho Mtakatifu ndiye aliyejisumbua na lugha zao. Nasi Waanglikana tumelishika jambo hili tangu mwanzo wetu, maana Kifungu cha 24 cha Vifungu vyetu 39 vya Imani hukataza ibada isifanywe kanisani kwa lugha ambayo watu hawaifahamu. Sisi tuliosoma chuo cha theolojia tulikesha na Kiyunani, herufi kwa herufi, ili tupate kuwasikia vizuri Wakorintho ambao wamelala karibu miaka 2,000. Kazi hiyo ni njema. Lakini je, Kanisa linalojitahidi hivyo kumsikia mtu aliyekufa zamani, litasema halina nafasi ya kumsikia aliye hai, anayenyweshea ngamia katika mto wetu?

Tunajua kwamba wako wanaotusikiliza ambao mioyo yao inatujibu. Haki yao kujibu. Na tuyatazame majibu yao.

Wa kwanza asema: Mchungaji, wao ndio wanaokuja kwetu. Na wajifunze wao Kikamba. Ndugu, wako kati yao wanaojua Kikamba na Kiswahili, na wengine wamefanya biashara nasi tangu ujana wao. Tena, si wageni wa nchi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Wakamba walikuwa zaidi ya milioni 4.6, na Wasomali wa Kenya walikuwa zaidi ya milioni 2.7. Hao ni raia kama wewe. Waorma nao ni raia, na wameishi kando ya mto Tana miaka mingi. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, inaitaka Serikali ilinde na kukuza lugha mbalimbali za watu wa Kenya, yaani chako na chake. Mkisubiriana nani aanze, mtasubiri mpaka kaburini. Krapf hakumsubiri Kivoi ajifunze Kijerumani.

Wa pili asema: Kiswahili chatosha. Tunamshukuru Mungu kwa Kiswahili, nacho ndicho tunachozungumza sasa. Kimetupatia kiwanja cha kukutania ambacho si cha kabila moja. Lakini hakiwafikii wote. Yuko bibi kizee wa Kikamba asiyekijua, na yuko mchungaji kijana wa Kisomali asiyekijua, na hao wawili ndio wanaokutana kisimani. Tena watu wakijua Kiswahili peke yake hujadiliana mambo ya barazani. Salamu ya lugha ya mtu mwenyewe hugonga mlango wa nyumbani.

Wa tatu asema kwa uchungu, naye ndiye tunayemheshimu zaidi, maana amezika. Asema: Nilijifunza lugha zote tatu, na bado mwanangu hayupo. Lugha itafanya nini?

Ndugu yetu, hatutakudanganya. Lugha haiokoi. Mwokozi ni mmoja, naye si sarufi. Watu wa Rwanda walikuwa na lugha moja, Kinyarwanda, na mwaka 1994 jirani alimwua jirani huku akimwita kwa jina lake. Nchi ya Somalia yenye lugha kuu moja ilivunjika katika vita mwaka 1991. Na katika Waamuzi 12 tunasoma jinsi watu wa Gileadi walivyoitumia lugha kuwa mtego. Kwenye vivuko vya Yordani walimwambia mtu atamke neno moja tu, Shibolethi. Aliyeshindwa kulitamka vizuri alichinjwa, na wakaanguka watu 42,000 wa Efraimu, waliokuwa ndugu zao. Kwa hiyo lugha ni kama panga la shambani. Huweza kulima na huweza kuua, kwa kadiri ya moyo wa aliyelishika.

Hata Paulo, turudi kwake. Watu walimnyamazia walipomsikia akisema Kiebrania, lakini baadaye, katika 22:22, wakapiga kelele tena wakitaka afe. Lugha ilimpatia nafasi ya kusikilizwa. Haikumpatia mioyo yao. Na Krapf aliporudi kwa Kivoi mwaka 1851, wakasafiri pamoja kuelekea Tana, walishambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake porini, akachota maji ya mto katika midomo ya bunduki yake asife kwa kiu. Aliporudi kwa watu wa Kivoi wako waliomlaumu kwa kuwa hakufa pamoja na rafiki yake, ikambidi akimbie. Alijua maneno yao, na bado aliponea chupuchupu.

Basi kwa nini tujifunze? Kwa sababu nafasi ile ya kunyamaza, ijapokuwa ni fupi, ndiyo tuliyopewa sisi wanadamu. Kumgeuza mtu moyo ni kazi ya Mungu. Kumfikia mtu kwa neno analolielewa kabla hajatupa mshale ni kazi yetu. Tusipoifanya, tusimwombe Mungu aifanye badala yetu.

Na mtu asidhani twasema mkulima aache haki yake. Kujua lugha ya jirani si kumpa shamba lako. Paulo huyo huyo aliyejua lugha, alipotaka kupigwa mijeledi, alimwambia akida wazi kwamba yeye ni raia wa Rumi na hajahukumiwa. Anayeingiza mifugo katika ndengu za mwenziwe ametenda kosa, kwa lugha yoyote. Aliyeua na ashtakiwe, awe wa kabila lolote. Serikali inao wajibu wa kulinda watu na kupanga njia za malisho na maji. Lakini madai yako yatafika mbali zaidi kama yule unayemdai anaelewa ni nini alichokikosa, na wewe unaelewa ni nini kilichomleta.

Sasa tufanye nini hapa Zombe, na Endau, na Voo, na kwenu mnakotusikiliza? Hatuna haja ya kungoja chuo kijengwe. Anza na maneno kumi. Msomali akikutana na mwenziwe huuliza habari ya amani: "Ma nabad baa?" Naye hujibu: "Waa nabad." Neno nabad ni amani. Maji ni biyo. Ngamia ni geel. Ndugu ni walaal. Ukishukuru, sema mahadsanid. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi hizi za Kilatini tangu mwaka 1972, kwa hiyo kijana anayejua kusoma anaweza kujifunza, ijapokuwa herufi c na x zina sauti zao ambazo ni lazima uzisikie kwa mwenyewe. Wala tusiwachanganye watu. Mworma si Msomali, na lugha yake ni ya jamii ya Kioromo. Kumwamkia mtu kwa lugha isiyo yake ni kumwambia kwamba hujamtazama usoni.

Mwalimu naye hayuko mbali. Ni mwenye duka. Ni mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Ni mwanafunzi kutoka Garissa anayesoma katika shule ya bweni ya huku kwetu. Mwambie akupe neno moja, nawe umpe moja la Kikamba. Akisema biyo, wewe mwambie kiw'u. Mtakapocheka pamoja kwa sababu ndimi zenu zimekwama, tayari mmefanya kazi kubwa. Nanyi wazee wa kamati za amani, msitegemee mkalimani mmoja. Akiugua, au akiwa na upendeleo, amani yenu yote imo mfukoni mwake. Wapatikane watu wawili au watatu wa kila upande, na mmoja wao awe mwanamke, maana maji huchotwa na wanawake nao husikia mambo kabla ya baraza.

Na ninyi wazazi, katika haya yote msiwanyime watoto Kikamba. Mtoto asiyejua lugha ya nyanya yake hatajua thamani ya lugha ya nyanya wa mwingine. Awe na Kikamba cha nyumbani, Kiswahili cha wote, Kiingereza cha kitabuni, na maneno ya jirani. Kichwa cha mtoto hakijai.

Waswahili husema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ni kweli kwa maneno ya matusi. Lakini kwa mtu anayejifunza salamu ya jirani yake, kujikwaa ulimi ni heri. Na ujikwae mara mia, ndugu msikilizaji. Ni afadhali vijana wacheke penye maji kuliko tuitwe tena kwenda kuzika.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyewasikilizisha watu wa mataifa yote siku ya Pentekoste, kila mtu kwa lugha yake, twakushukuru kwa wote waliojisumbua kujifunza maneno yetu ili tukujue wewe. Twawakumbuka waliouawa katika nchi yetu kavu, wa nyumba zetu na wa mahema ya jirani zetu. Uwafariji wanaolia, katika lugha yoyote wanayolilia. Utupe mvua kwa wakati wake. Utupe masikio ya kusikia kabla ya kukasirika, na ndimi zisizoona haya kujifunza. Uwalinde watoto wetu walio ng'ambo, wanaokaa kati ya watu wasiowaelewa, uwape mtu wa kuwasikia. Nasi utufanye kuwa mtu huyo kwa mgeni aliye karibu nasi. Twaomba haya kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote.